Baiti Mbili za Mkiani

Zamu ya kuandika historia mwezi huu imetuangukia sisi wa chumba cha kompyuta. Wenzetu walishaandika juu ya wafalme, reli na vita. Sisi tunaandika juu ya saa, waya, na sifuri mbili zilizotusumbua wiki nzima. Msikimbie. Mbele kuna mama mmoja na barua yake, mtamfikia.

Mwaka jana, siku ya mwisho ya kutuma maombi ya udhamini wa masomo, kompyuta 7 kati ya 12 zilikataa kabisa kufungua tovuti. Intaneti ipo, bando lipo, lakini kila ukibonyeza unaambiwa tovuti si salama. Dada mmoja akaita: "Kaka, njoo uone. Mimi nahesabu dakika, hii mashine inaniambia tuko mwaka 2009." Kumbe zile betri ndogo za duara zinazotunza saa ndani ya kompyuta zilikufa zamani. Stima ikikatika, mashine inaamka ikiwa imerudi utotoni. Sasa tovuti za siku hizi zina cheti chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Mashine inayoamini tuko 2009 inaona cheti ambacho hakijazaliwa bado, inakikataa. Tulirekebisha saa kwa mkono moja baada ya nyingine, tukagawana simu, tukakimbia. Wawili hawakuwahi. Hao wawili wako kwenye kundi hili, wanasoma, na hatukusahau.

Baada ya hapo tukasema kompyuta zetu lazima zipate saa kutoka sehemu moja. Hivyo ndivyo tulivyokutana na mzee David Mills.

Mills alikuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Delaware, Marekani. Alizaliwa 1938 na ugonjwa wa glakoma, akaishi na uoni hafifu, na miaka ya mwisho akawa haoni kabisa. Mtu huyo ndiye aliyezipa kompyuta za dunia namna ya kukubaliana saa. Itifaki yake inaitwa NTP. Maandishi yake ya kwanza yenye jina hilo yalitoka Septemba 1985. Toleo la tatu lilitoka Machi 1992, mwaka uleule kambi hii ya Kakuma ilipofunguliwa kwa ajili ya wakimbizi waliotoka Sudan. Mills alifariki Januari 2024, na kompyuta nyingi bado zinauliza saa kwa njia aliyoichora yeye.

Hesabu yake mtu wa sekondari anaiweza. Sema saa yako inasoma saa nne kamili unapotuma swali. Seva inalipokea saa yake ikisoma saa nne na sekunde 7. Inajibu ikisoma sekunde 8. Wewe unapata jibu saa yako ikisoma sekunde 3. Kwenda kunaonyesha tofauti ya 7. Kurudi, 8 toa 3, ni 5. Jumlisha upate 12, gawa kwa mbili: umechelewa sekunde 6. Na safari nzima imekula sekunde 2, moja ya kwenda na moja ya kurudi. Lakini angalieni, hesabu hii inaamini kwamba kwenda na kurudi ni sawa. Njia moja ikiwa ndefu kuliko nyingine, kosa la saa ni nusu ya tofauti hiyo, na hakuna hesabu ya ndani itakayoligundua. Ndiyo maana watu wa saa wanajali hata urefu wa ujumbe. Ujumbe wa NTP wa kawaida ni baiti 48 kwenda na 48 kurudi.

(NTP haijui mambo ya saa nne ya asubuhi wala saa kumi ya Kizungu. Inatembea na saa moja ya dunia, halafu kila mashine inaongeza yake. Sisi tuliotoka Bukavu na Goma tulivuka tukaongeza saa moja juu ya ile ya nyumbani. Bibi zetu wengine hawakuiongeza mpaka leo.)

NTP ilitutosha. Kompyuta zote 12 sasa zinauliza mashine moja pale kona, na mashine hiyo inauliza dunia pale bando linapokuwepo. Habari ingeishia hapo kama mmoja wetu asingetaka kujifunza ile saa kali zaidi, PTP, kwa sababu alisikia mafundi wa minara ya simu wanaitumia na anatafuta kazi huko. Tukamwelewa. Hapa kila mtu anatafuta mlango.

PTP ilizaliwa kwa watu wa vifaa vya upimaji na viwanda. Anayetajwa sana ni John Eidson, aliyekuwa Agilent, na kiwango cha kwanza, IEEE 1588, kilipitishwa 2002. Toleo la pili lilikuja 2008, na hilo linaweza kusafiri moja kwa moja juu ya Etheneti bila kubebwa na IP. NTP inapanda basi, PTP inaweza kutembea kwa miguu. Hapo ndipo shida yetu ilipoanzia.

Tulichukua kompyuta mbili na swichi kuukuu. Ya kwanza inatangaza saa, ya pili inasikiliza kwa programu ndogo tuliyoiandika wenyewe ili tuone kila ujumbe umebeba nini. Ujumbe wa tangazo, ule unaosema "mimi ndiye saa kuu", ulipita vizuri. Ujumbe wa kusawazisha, ambao ndio wenye kazi, ukaangusha programu kila ulipofika. Tangazo linapita, kusawazisha kunaanguka. Tukabadilisha waya. Tukabadilisha tundu la swichi. Tukailaumu swichi kwa sababu ni ya zamani na haina wa kuitetea. Siku mbili zikaisha hivyo.

Siku ya tatu tukafungua Wireshark kwenye mashine zote mbili kwa pamoja, tukaukamata ujumbe uleule ukiondoka na ukifika. Kwa mtumaji: baiti 58. Kwa mpokeaji: baiti 60. Tukaangaliana. Kuna mtu njiani anaongeza vitu?

Kumbe anayeongeza ni sheria ya zamani kuliko sisi wote chumbani.

Rudini nyuma hadi Hawaii, 1971. Norman Abramson na wenzake wa chuo kikuu cha huko walikuwa na kompyuta moja na visiwa vingi, na baina yao bahari. Wakatumia redio, mtandao ukaitwa ALOHAnet. Kila kituo kinasema kinapotaka. Viwili vikisemea pamoja, ujumbe unaharibika, hakuna jibu, kila kimoja kinasubiri muda wake wa kubahatisha kisha kinarudia. Kijana Robert Metcalfe aliisoma kazi hiyo, na tarehe 22 Mei 1973, akiwa kwenye maabara ya Xerox huko Palo Alto, akaandika waraka wa ndani unaopeleka wazo hilo kwenye waya. Akajenga pamoja na David Boggs. Mtandao wao wa kwanza ulikimbia biti milioni 2.94 kwa sekunde. Mwaka 1980 Digital, Intel na Xerox wakatoa kiwango cha pamoja cha biti milioni 10, na 1983 IEEE wakapitisha cha kwao.

Zamani hizo hakuna swichi. Ni waya mmoja mnene, mashine zote zimening'inia humo kama nguo kwenye kamba. Mashine ikitaka kusema inasikiliza kwanza, waya ukiwa kimya inaanza. Tatizo, mbili zinaweza kusikia ukimya uleule zikaanza pamoja. Zikigongana lazima kila moja ijue, ili irudie. Na utajua tu kama bado unasema wakati habari za mgongano zinapokurudia. Ukisema neno fupi mno, mgongano unatokea kule mwisho wa kamba na wewe umeshafunga mdomo, unaenda zako ukidhani umesikika.

Kwa hiyo wakubwa wale wakapiga hesabu. Mtandao mkubwa wanaouruhusu ni mita 2500, ukiwa na vikuza sauti njiani. Kwenda hadi mwisho na kurudi, pamoja na ucheleweshaji wa vile vifaa, wakaupa muda wa biti 512. Kwa kasi ya biti milioni 10 hiyo ni maikrosekunde 51.2. Biti 512 ni baiti 64. Basi sheria ikawa: fremu yoyote isipungue baiti 64. Kati ya hizo, 6 ni anwani ya mpokeaji, 6 ya mtumaji, 2 za kutaja aina ya mzigo, na 4 za mwisho za ukaguzi. Jumla 18. Mzigo wenyewe unabaki angalau 46. Ukiwa na mzigo mdogo kuliko huo, unajaza.

Mnajua ukituma kitu kidogo kwa basi la kwenda Lodwar, boksi linakuwa kubwa, kwa hiyo unakunja magazeti unajaza nafasi. Ndiyo hayo. Sisi tumeyaita vijazio.

Sasa hesabu ujumbe wetu. Kichwa cha PTP baiti 34, saa yenyewe 10, jumla 44. Zimepungua mbili. Kadi ya mtandao ya mtumaji ikaongeza sifuri mbili mkiani. Wireshark ya mtumaji iliona 58, yaani 14 za mbele na 44, kwa sababu inachungulia kabla kadi haijajaza. Wireshark ya mpokeaji iliona 60. Zile 4 za ukaguzi kadi huwa inazivua kabla ya kukuonyesha. Na tangazo lilipita kwa nini? Lina baiti 64 peke yake, halihitaji gazeti.

Mtauliza kwa nini kadi ya mpokeaji haitupi vijazio yenyewe kabla ya kukabidhi mzigo. Haijui! Zile baiti 2 za mbele zinataja aina tu: 0800 ni IP, 0806 ni ARP, 88F7 ni PTP. Hazitaji urefu. IEEE mwaka 1983 waliifanya nafasi hiyohiyo kuwa ya urefu, na mpaka leo mambo mawili yanaishi kitanda kimoja: namba ikiwa 1500 au chini ni urefu, ikiwa 1536 au juu ni aina. Sisi tunatumia aina. Kwa hiyo kadi inakabidhi boksi pamoja na magazeti, na kazi ya kutenganisha ni ya aliye juu.

Aliye juu akiwa IP hana shida, kichwa chake kinataja urefu. Mwaka 1984 waraka wa kubeba IP juu ya Etheneti ulisema wazi kwamba vijazio viwe sifuri, na kwamba si sehemu ya pakiti ya IP wala havihesabiwi katika urefu wake. NTP imelala ndani ya UDP iliyolala ndani ya IP. Jumlisha 48, 8 na 20 upate 76, imeshapita 46. NTP haihitaji kijazio, na hata ingekuwa nacho isingekiona. Ndiyo maana miezi yote ile hatukuwahi kulijua jambo hili.

PTP inayotembea kwa miguu haina IP wa kuisaidia. Ina sehemu yake katika kichwa, baiti ya tatu na ya nne, inayotaja urefu wa ujumbe. Ilikuwepo siku zote, imeandikwa 44. Sisi hatukuisoma. Tuliuliza mfumo "umepokea baiti ngapi?", ukajibu ukweli wake: mzigo baiti 46. Na PTP inaruhusu vipande vya nyongeza baada ya ujumbe, kila kipande kikianza na baiti 2 za aina na 2 za urefu. Programu yetu ikaona baki, ikafurahi kwamba kuna nyongeza, ikaomba baiti nne, ikapata mbili, ikaanguka. Swichi tuliyoilaumu siku mbili haikuwa na kosa lolote. Tumeiomba radhi.

Marekebisho yakawa mstari mmoja: soma urefu uliotajwa na ujumbe wenyewe, hakikisha hauzidi ulichopokea, kinachobaki mkiani kiache. Msichukulie kwamba baki ni mbili siku zote, mkakata mbili kwa kisu. Fremu ikipita kwenye swichi inayoongeza au kuvua utepe wa VLAN wa baiti 4, idadi ya sifuri inaweza kubadilika njiani.

Je, vijazio vinaharibu saa? Hili tulibishana. Kadi nzuri inapiga muhuri wa saa mwanzo wa fremu, mkia hauiathiri. Lakini swichi ya kawaida inapokea fremu nzima ndipo iitume, na kwa kasi ya biti milioni 100 kila baiti inakula nanosekunde 80. Urefu ukitofautiana kwenda na kurudi, unaonekana. Walioandika PTP walilijua hilo. Ule ujumbe wa kupima umbali baina ya majirani una baiti 10 tupu makusudi, ili swali liwe na baiti 54 sawasawa na jibu. Hizo ni sifuri zilizowekwa na mtu aliyefikiri.

Siku hizi waya mmoja wa wote haupo. Kila kompyuta ina waya wake hadi kwenye swichi, migongano imekwisha. Lakini 64 imebaki, kwa kuwa kila kifaa kilichotengenezwa tangu hapo kinaitegemea. Sifuri mbili zilizoangusha programu yetu Kakuma zilitoka kwenye kamba ya mita 2500 ambayo hakuna aliye chumbani aliyewahi kuiona.

Sasa mama.

Tulipokuwa bado tunachungulia mikia, tukaanza kuangalia fremu za vifaa vingine. ARP, ule ujumbe wa kuuliza "nani mwenye anwani hii?", una baiti 28 tu. Unahitaji kijazio cha 18, mkia mrefu. Kompyuta zote: sifuri 18, safi. Printa kuukuu tuliyopewa msaada: si sifuri. Upande wa kulia wa skrini, mahali Wireshark inaandika herufi, tukasoma hivi: rufaa ya mama mjan.

Chumba kikanyamaza. Barua ile tuliiandika sisi. Mama mmoja wa hapa alikuja asubuhi, akatusimulia polepole, tukachapa, tukalipa faili jina "barua ya rufaa ya mama mjane". Jina la faili lilisafiri na kazi ya kuchapa, likabaki kwenye kumbukumbu ya printa, na printa ilipohitaji kujaza baiti 18 haikuweka sifuri. Ilichota chochote kilichokuwa karibu. Ni kama yule wa ofisi ya vifurushi hana magazeti, anajaza maboksi ya watu kwa barua zilizoko mezani.

Hili nalo lina historia. Januari 2003 watafiti wawili, Ofir Arkin na Josh Anderson wa kampuni ya @stake, walionyesha kwamba programu nyingi za kuendesha kadi za mtandao zilikuwa zinajaza kwa mabaki ya kumbukumbu. Waliiita EtherLeak, na katika orodha ya kimataifa ya kasoro za usalama ikaandikwa CVE-2003-0001, ya kwanza kabisa ya mwaka ule. Waraka wa 1984 ulishasema sifuri. Watu walisoma "jaza", hawakusoma "kwa sifuri". Kompyuta zilirekebishwa, lakini vifaa vidogo vya zamani vinavyokuja kwetu kama msaada havina mtu wa kuvifanyia hivyo.

Tuseme ukweli, herufi 18 ni kidogo. Lakini kila kifaa kilichounganishwa na ile swichi kingeweza kuuliza tena na tena na kupata vipande vingine. Na sisi tunajua ndani ya barua za rufaa mna nini: nani alikufa, wapi, nani anatafutwa na nani. Mtu aliyetembea usiku ili asijulikane hapaswi kutajwa na printa.

Tuliichomoa siku hiyohiyo. Sasa inatumia waya wa USB kwenye kompyuta moja tu, haina habari na mtandao. Majina ya faili tunaweka namba. Halafu wawili wetu wakaenda kwa mama kumweleza, maana barua ni yake. Walimkuta anachambua mboga. Wakajaribu kusema fremu, wakaacha, wakasema maboksi na magazeti. Akauliza: "Wanangu, kuna aliyeiona?" Wakajibu, "Mama, tulioiona ni sisi, na mtu mwingine hatumjui." Akauliza kama hizo namba mpya zitawafanya wachanganye barua yake na ya mwingine. Wakasema kuna daftari, linafungiwa kabatini. Akauliza ufunguo yuko nao nani.

Swali hilo hatukuwa na jibu lake zuri, kwa sababu ufunguo ulikuwa unaning'inia msumarini karibu na mlango. Sasa uko kwa dada wa zamu.

Jumamosi saa nane mchana tunafungua tena chumba kwa wanaotaka kuona zile fremu kwa macho yao. Aliye na betri ya saa ya kompyuta, ile ya duara, alete. Tunahitaji saba.